Muulize Wakala: Spea ya bunduki haina udogo

Wasomaji wangu habari zenu. Toleo lililopita nilijibu swali moja tu la spea ya bunduki, la bwana wa Morogoro aliyetaka kujua kama kitako cha shotgani kinaweza kuja na kifurushi cha kawaida, nikamjibu mistari mitatu nikadhani yameisha, kumbe nimegusa mzinga wa nyuki. Maswali mpaka leo asubuhi yanaingia, Arusha, Nairobi, Mwanza, Maskati, Houston. Kwa hiyo ukurasa wote safari hii nimeutoa kwa ishu hii moja. Majina nimeyaondoa yote, mambo ya nani ana bunduki gani nyumbani kwake si ya kuanikwa gazetini.

Mi si polisi wala wakili. Nimeklia mizigo, yaani kuitoa forodha, miaka 22, bandarini na eapoti, na bunduki za wawindaji na spea zake nimezishika nyingi. Ninachokijua ni karatasi, na karatasi ipi inatangulia ipi. Kwenye mzigo wa aina hii hapo ndo watu wanapoumia, siyo kwamba vibali havipatikani, vinapatikana, ila mtu ameanza na cha mwisho.

ARUSHA ANAULIZA

Shikamoo mama. Mi ni mwindaji wa kulipwa, naongoza wageni porini. Raifo yangu ya .375 pini ya kupigia imekatika ncha, fundi hapa mjini amejaribu kuchonga nyingine mara mbili inapinda. Nikatafuta onlaini nikaipata Marekani, yenyewe haifiki hata dola 80. Duka la kwanza likasema Afrika hatutumi, basi. La pili likasema sawa ila tuletee kwanza kibali cha serikali yako. Naenda kuomba kibali naambiwa leta invoisi. Nawaandikia wale wanipe invoisi wanasema hatutoi mpaka tuone kibali. Huu mwezi wa nne napigwa danadana na msimu unafunguliwa Julai. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, pole sana. Danadana hiyo ina mlango, na mlango wake ni profoma. Usiwaombe invoisi, waombe profoma. Invoisi ni ya mauzo yaliyofanyika, ndo maana wanaogopa kuitoa, lakini profoma ni bei iliyoandikwa tu, haimfungi mtu, na duka lolote linalojua biashara linakutumia siku hiyohiyo. Sasa mwambie aandike hivi: pini ya kupigia, kipande kimoja, ya raifo ya aina fulani, kaliba .375, seriali namba ya raifo yako, bei, nani anatuma, nani anapokea, na namba ya forodha 9305, ambayo ndo spea za silaha duniani kote. Ukiwa na hiyo, leseni yako ya raifo na barua fupi ya kueleza kilichovunjika, unaanzia ofisi ya polisi inayoshika faili la silaha yako na mambo yanapanda juu kutokea hapo. Sheria inayotumika ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoifuta ile ya 1991, kwa hiyo akija mtu na fomu ya zamani aliyopewa na mjomba wake, aiache nyumbani.

Kitu kingine, ile pini iliyokatika itie kwenye bahasha uende nayo. Niliwahi kumsindikiza mteja, faili lake lilikuwa limelala wiki sita, siku hiyo akaitoa ile pini mfukoni, ina grisi nyeusi, urefu wa kidole, ncha imeng'oka kama penseli iliyovunjika. Afisa akaiweka kwenye kiganja akaigeuzageuza, akauliza "ni hiki tu?", akavuta faili akaanza kuandika. Kwenye karatasi neno "spea ya silaha" linatisha, linaweza kuwa kontena zima. Ukikiweka mezani anaona ni kitu gani.

Kibali kikitoka ndo unamtumia yule wa Marekani. Na usimchukie yule aliyesema Afrika hatutumi, maana huko kwao hiyo pini ilikuwa mzigo kweli. Mpaka mwanzoni mwa 2020 spea za bunduki za kawaida zilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje yao, kwenye orodha moja na vifaa vya jeshi, na hata fundi mmoja mwenye karakana yake ndogo, kama anatengeneza silaha au spea, alitakiwa ajiandikishe na kulipa dola 2,250 kila mwaka hata kama hajawahi kutuma kitu nje. Tarehe 9 Machi 2020 bunduki nyingi za kiraia na spea zake zikahamishiwa Wizara ya Biashara. Kuna msamaha wa mzigo wa thamani ndogo, mwisho dola 500 kwa mzigo, ambao spea nyingi ndogo kama yako zinaweza kuingia bila leseni ya kusafirisha, ila muuzaji ndo anayetakiwa kupima kama unamhusu, siyo wewe. Mwaka 2024 wakakaza, leseni iliyokuwa inaishi miaka minne ikawa ya mwaka mmoja na wakataka kibali cha nchi inayopokea kitangulie, alafu 2025 hayo ya 2024 yakaondolewa. Kwa hiyo mtu akikuletea maelezo aliyoyasoma miaka mitatu nyuma, mshukuru tu, alafu umuulize muuzaji leo inakuwaje. Kiziba sauti hakikuhamishwa, kiko bado kule kwa Mambo ya Nje, hicho usikichanganye kwenye oda moja na pini yako hata siku moja.

Kuna jambo nalisema kwa uchungu maana lilinikuta. Miaka ya nyuma nilipokea mzigo wa mteja, mtutu mmoja wa raifo, halali kabisa, mwenye nao ana leseni, kibali kipo. Muuzaji kule, kwa kutaka kusaidia usafirishaji uwe rahisi, kwenye invoisi akaandika "bomba la chuma". Basi mashine ya eksirei ikaona mtutu, karatasi inasema bomba. Kuanzia hapo kibali chetu hakikusaidia tena, maana kibali kinasema mtutu na invoisi inasema bomba, maana yake mzigo wenye kibali haujafika na huu uliofika hauna kibali. Miezi mitano. Mteja aliitwa kuandika maelezo mara tatu, mtu mzima wa miaka 60 na kitu, hajawahi kuingia kituo cha polisi maisha yake yote. Yule muuzaji hakuwa mtu mbaya, alidhani anatusaidia. Kwa hiyo kila oda mi naandika kwa herufi kubwa: andika jina la kitu lilivyo, usipunguze bei, usibadilishe neno.

Na kabla ya kulipa chochote uliza kampuni ya vifurushi kama inabeba. Nyingi zina sheria zao wenyewe zinazokataa spea za silaha hata karatasi zikiwa zimetimia, alafu mzigo unarudishwa na pesa ya kutuma hairudi.

HOUSTON ANAULIZA

Dada mambo vipi. Nakuja nyumbani Desemba. Binamu yangu wa Tanga ana raifo yake halali, ameniomba nimbebee triga na bolti, kile chuma cha kufunga nyuma ya mtutu, kwenye begi. Huku hivi vitu vinauzwa wazi dukani, hakuna kuandikishwa, hakuna kuulizwa kitambulisho, nimeshanunua viko kabatini. Si naweka tu kwenye begi la chini?

Hapana kaka. Usiweke. Naomba usome hadi mwisho maana unaonekana una nia njema na wenye nia njema ndo wanaoingia kwenye hili shimo.

Kinachokuchanganya ni kwamba Marekani sheria ya ndani, ile ya mwaka 1968, kwenye bunduki inayokiita silaha ni kile kiunzi kinachobeba namba, basi. Triga, bolti, mtutu, ukivinunua kimoja kimoja ndani ya nchi kwa sehemu kubwa ni kama unanunua nyundo. Lakini sheria ya kutoa kitu nje ya nchi ni nyingine na haiangalii hivyo. Kwenye orodha ya Wizara ya Biashara bolti imeandikwa kwa jina lake, triga imeandikwa kwa jina lake. Ukivuka nazo eapoti wewe ndo msafirishaji wa bidhaa inayodhibitiwa, na wewe ndo utaulizwa, siyo duka wala binamu.

Najua kuna watu watakwambia kuna ruhusa ya msafiri. Ipo. Raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani anaweza kutoka na bunduki zisizozidi tatu na risasi zisizozidi 1,000, lakini ni kwa ajili yake mwenyewe, anakwenda nazo na ana nia ya kurudi nazo, na anazitangaza forodha. Kumpelekea mtu hakumo humo. Zawadi haimo humo.

Alafu kuna katikati. Watu wa safari wanahesabu nchi mbili, wanapotoka na wanapokwenda, wanasahau wanapobadilishia ndege. Wawindaji wanaokuja Kilimanjaro kupitia Amsterdam na bunduki zao halali wanaomba kwanza ruhusa ya kupitisha kutoka forodha ya Uholanzi, ofisi yenyewe iko Groningen, na wasipokuwa nayo bunduki inaishia hapo hata kama haitoki nje ya eapoti. Kila nchi ya kupitia ina lake. Sasa wewe na begi lenye bolti ndani ya soksi utamweleza nini mtu wa eapoti usiku wa manane, na tiketi yako inaondoka baada ya saa moja?

Na hata ukifika Dar salama, ndo umefika kwenye mstari mwingine. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ina jedwali la pili, na kwenye orodha ya vitu vyenye masharti zimo silaha na risasi zote za Sura ya 93 ya vitabu vya forodha. Bolti iko Sura ya 93. Bila kibali ni kitu cha kukamatwa, na mwenye begi naye anakaa pembeni asubiriwe maelezo.

Mwambie binamu aombe kibali kwa jina lake, mzigo utumwe kwa jina lake. Kama duka linarejesha hivyo ulivyonunua, rudisha. Na kama akinuna, mwonyeshe ukurasa huu.

NAIROBI ANAULIZA

Hujambo mama. Mimi napiga shabaha kama mchezo, niko na setifiketi yangu na bastola moja imesajiliwa. Bareli imechakaa, nataka kuagiza bareli na slaidi mpya, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua, kutoka Austria. Muuzaji ananiambia ningoje kama miezi mitatu hivi. Miezi mitatu ya bareli? Ama ananizungusha? Na je, kwa kuwa bastola yenyewe iko na laisensi, hizo spea si ziko chini ya hiyo laisensi tayari?

Sijambo mwanangu. Nianze na la mwisho, maana ndo la hatari. Hapana, haziko chini yake. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inaposema silaha inahesabu na kipande chake humo humo. Kwa macho ya sheria wewe huagizi spea za bastola yako, unaagiza silaha, mara mbili. Kwa hiyo Bodi ya Leseni za Silaha kwanza, kabla hata hujamtumia muuzaji senti. Na kuna sababu ya maana hapo usiione ni usumbufu tu. Ule uhakiki wa wamiliki ulioanza Desemba 2018 uliwarudisha wamiliki wote kwa bodi, mtu na silaha yake. Risasi inapopita kwenye mtutu inaachiwa mikwaruzo ya mtutu ule, ni kama alama ya kidole. Ukibadilisha bareli umebadilisha alama ya kidole ya bastola. Kama bodi haijui, siku moja rekodi yao inasema hivi na chuma chako kinasema vile, na wewe ndo unaishika. Kwa hiyo kwenye barua yako uandike wazi kwamba ni kubadilisha, na bareli ya zamani unataka kuisalimisha au kuiharibu mbele yao. Barua ya namna hiyo inasomwa vizuri kuliko ile ya "naomba kuongeza".

Sasa miezi mitatu. Hakuzungushi. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 258 ya mwaka 2012, ilitungwa kutekeleza Itifaki ya Silaha ya Umoja wa Mataifa ya 2001, na kwenye hiyo itifaki mtutu na slaidi zimetajwa kwa majina. Nchi ya Ulaya haitoi kibali cha kutoa silaha mpaka ione kibali cha kuingiza cha Kenya. Wana siku 60 za kazi kushughulikia ombi, na zikiwepo sababu nzito wanafika 90. Hesabu siku za kazi tu, hizo 60 peke yake ni wiki 12. Na kama mzigo unapita nchi nyingine, nayo inaulizwa kwa maandishi kama ina pingamizi, ikikaa kimya siku 20 za kazi inahesabiwa imekubali. Hii ya kimya kuwa ndiyo imeniokoa mara nyingi, ila muuzaji wako lazima awe na ushahidi kwamba barua ilitumwa na tarehe yake.

Ombi ukipeleka leo na mashindano ni mwezi ujao, tafuta bastola ya klabu.

MWANZA ANAULIZA

Mama, mi nina bunduki ya upepo ya kufukuzia ndege kwenye mpunga. Nimeagiza darubini yake na springi kubwa ya ndani, pakiti moja. Imezuiwa mwezi wa pili sasa. Nimewaambia hii ni ya upepo siyo ya risasi hawanielewi.

Wanakuelewa, ila upepo haukuokoi. Bunduki za upepo zina namba yao 9304, ndani ya Sura ya 93 ileile, na spea zake 9305.

Hata hivyo wewe una bahati kuliko unavyojua, na hapa ndo napenda kazi yangu. Kitabu cha forodha mwanzoni mwa Sura ya 93 kina maelezo mafupi ambayo watu wanayaruka. Yanasema darubini ya bunduki isipokuja imefungwa kwenye bunduki wala kuambatana nayo, haimo kwenye sura hiyo, inakwenda Sura ya 90 pamoja na darubini zingine. Na yanasema pia skrubu na springi za chuma za matumizi ya kawaida hazimo, skrubu zina 7318 na springi 7320. Kwa hiyo mzigo wako wote, ukiangaliwa kipande kwa kipande, unaweza ukawa hauna hata kimoja cha 93. Kosa liko kwenye invoisi, nimeiona picha uliyotuma, muuzaji ameandika mstari mmoja tu "spea za bunduki, seti 1". Mwambie atoe invoisi nyingine yenye mistari miwili, darubini peke yake na bei yake, springi peke yake na bei yake, kila moja na namba yake. Alafu wakala wako aandike barua akitaja hayo maelezo ya mwanzo wa sura. Usiende na maneno matupu ya "ni ya upepo".

Ila nikuambie ukweli mwingine, forodha wakisema siyo 93 haimaanishi polisi hawawezi kuuliza. Vitabu ni viwili. Beba karatasi za bunduki yenyewe.

MASKATI ANAULIZA

Assalaam aleikum mama. Sisi kwetu asili ni pwani ya huko, babu alirudi Oman na bunduki ya zamani sana, ya kutundika ukutani na kutembezwa siku za harusi. Kitako kimeliwa na wadudu, kina mapambo ya pembe nyeupe. Wazee wanataka kichongwe upya na mafundi wa nakshi wa Lamu, ndio wanaojua mkono ule. Nitume kitako peke yake, ni mbao tu, haina chuma hata msumari. Kuna kibali kweli hapo?

Wa aleikum salaam mwanangu, na mbusu mkono mzee kwa niaba yangu, hilo ni jambo zuri mnalofanya.

Lakini ndiyo, kuna kibali. Mbao ikishachongwa kuwa kitako cha bunduki, forodha kwa kawaida haiiti mbao tena, ni 9305 kama mtutu. Na kinachoniogopesha zaidi siyo mbao ni hiyo pembe nyeupe. Kama ni ya ndovu, basi umeongeza mkataba wa CITES juu yake, ule wa biashara ya wanyama na mimea pori iliyo hatarini, ndovu wa Afrika walipandishwa kwenye orodha kali kabisa mwaka 1989, na pembe ya babu ya zaidi ya miaka mia nayo inahitaji karatasi ya kuthibitisha umri wake kutoka Oman kabla haijaondoka, na Kenya kwenye pembe haina mzaha. Unaweza kukipoteza kitako chenyewe, na hicho hakina cha kukifidia.

Ushauri wangu, usisafirishe kitako, msafirishe fundi. Mtu na patasi zake na tiketi ya kwenda Maskati wiki tatu, anakaa hapo nyumbani kwenu, anachonga mzee akiangalia, lile pambo la zamani analitoa kwenye kitako cha zamani anaweka kwenye kitako kipya bila kuvuka mpaka wowote. Itakuja bei kama hiyohiyo ya vibali na mawakala, nakuambia mimi ambaye ndo ningelipwa.

Na wazee wakikasirika kwamba zamani haikuwa hivi, waeleze kwa upole kwamba ilikuwa. Mwaka 1890 mataifa yalikaa Brussels, na Sultani wa Zanzibar alikuwemo kwenye mkataba ule, wakazuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika kuanzia digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za baharini kutoka pwani. Bunduki zilizoruhusiwa kuingia ziliwekwa kwanza kwenye ghala la serikali, hutoi mpaka upate ruhusa ya maandishi. Zile za gumegume za mtutu laini zilipewa nafuu. Inawezekana kabisa bunduki ya babu ilipita kwenye ghala kama hilo, kagueni chini ya mtutu kama kuna alama iliyogongwa.

IRINGA ANAULIZA

Dada, kampuni yetu ina raifo ya mitutu miwili ya Kiingereza, ya zamani, mitutu imeanza kuachana. Fundi wa kuirudisha yuko Uingereza. Tunatuma mitutu peke yake ili mzigo uwe mdogo. Tuangalie nini?

Angalieni kurudi. Kila mtu anajua kutuma. Hapa kwetu ombeni kibali cha kutoka na kurudi, na forodha muandikishe kwamba inatoka kwa muda kwa matengenezo, seriali namba ionekane kwenye fomu, la sivyo siku inarudi itaonekana bidhaa mpya na ushuru wake. Uingereza fundi lazima awe muuzaji silaha aliyesajiliwa na polisi wa kwao, na yeye ndo anaomba kibali cha kuingiza, na kazi ikiisha anaomba kibali cha kutoa.

Kuna kituo kimoja njiani ambacho kinasahauliwa. Mitutu ikifanyiwa kazi kubwa kule inaweza kutakiwa ikapimwe upya kwenye nyumba ya majaribio, ziko mbili, London na Birmingham, ya Birmingham ipo tangu 1813. Wanafyatua risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, ikistahimili wanagonga mhuri kwenye chuma. Sasa mitutu yenu itarudi na mhuri ambao haukuwepo wakati inatoka. Pigeni picha kila alama kabla haijaondoka, upande wa chini pale inapokutana na kitasa, picha ya karibu kabisa, na fundi awape barua ya kueleza mhuri mpya umetoka wapi. Nilishasimama dakika arobaini kwenye kaunta na lenzi ya kukuzia nikihesabu alama na afisa, moja baada ya nyingine, kwa sababu hatukuwa na hizo picha.

Kama mngetuma Ulaya bara, kuna nafuu, kitu kilichoingia kwa matengenezo tu na bado ni mali ya mtu wa nje hakihitaji kibali kipya cha Umoja wa Ulaya kikirudi kwa mwenyewe. Uingereza haimo tena huko, msiitegemee.

ARUSHA TENA

Mama, ni yule wa pini, uliyenijibu kabla gazeti halijatoka. Profoma ilikuja siku ileile. Kibali kimetoka jana! Muuzaji anasema anatuma akishamaliza taratibu zake. Kuna kingine?

Mwanangu nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Kipo kimoja. Angalia kibali chako kinaisha lini, tarehe iko pale chini karibu na mhuri. Alafu muulize muuzaji kwa maandishi mzigo utatua lini, siyo utatumwa lini. Kama kuna hatari ya kupitiliza, omba kuongezewa muda sasa hivi kikiwa bado hai, maana kikishakufa unaanza upya na profoma mpya. Toa nakala tatu, moja iende na mzigo ndani ya pochi ya plastiki nje ya boksi, moja kwa wakala wako, moja ubaki nayo. Na pini iliyokatika usiitupe bado, ikifika mpya watataka kuziona zote mbili.